Mashine ya kuchomelea kwa garaji ya nyumbani Lubumbashi: ipi ya kwanza, ipi ya mwisho

Ukipita Katuba, Kampemba au Bel-Air, si kazi kuona lupango (kiwanja cha nyumba) yenye gari lililolala chini ya mwembe: Hilux iliyooza sakafu, Volkswagen Coccinelle ya babu, Land Cruiser yenye chasi iliyopasuka karibu na springi. Mwenyewe ana jeki, ana spana, na Jumamosi yake iko huru. Anachokosa ni posti ya kuchomelea. Siku anapoenda kuitafuta mjini, muuzaji anamwekea mezani boksi lenye namba kubwa kuliko yote. "Papa, hii ni 300. Hii inachoma hata reli."

Haichomi reli. Na hata kama ingeweza, umeme wa kwenye lupango usingeiruhusu. Ndiyo maana hapa sizipangi mashine kwa ukubwa wa namba ya ampea. Nazipanga kwa mambo mawili: ukuta wako unaweza kutoa umeme kiasi gani, na chuma unachotaka kukiunga ni kinene kiasi gani. Ukishajua hayo mawili, nusu ya mashine zilizoko dukani zinajiondoa zenyewe.

Pima ukuta kabla ya kufungua pochi

Tafuta multimita, hata ya bei ndogo inatosha. Jioni, kwenye saa moja au saa mbili, wakati kila nyumba imewasha reshoo (jiko la umeme), pima volti kwenye soketi utakayotumia. Andika. Halafu chomeka kitu kizito kwenye soketi hiyohiyo, kwa mfano birika la wati 2,000, na upime tena maji yakiwa yanachemka.

Tuseme ulianza na 215, ikashuka hadi 200. Birika hilo linavuta karibu ampea 9, kwa hiyo kila ampea moja inakula volti 1.7 hivi njiani kabla haijakufikia. Sasa fanya hesabu ya posti. Inveta ya kawaida (posti nyepesi ya kielektroniki) ikitoa ampea 80 kwenye bageti (fimbo ya kuchomelea) inavuta ukutani takriban ampea 14. Utapoteza volti 23 au 24 na kubaki na 190 na kitu. Kazi inafanyika. Ipandishe mashine hiyohiyo hadi 160: ukutani inataka zaidi ya ampea 30, volti 50 na zaidi zinapotelea njiani, unabaki na 160 na kidogo. Hapo inveta nyingi zinawasha taa ya njano na kukata. Kama dijonkteri ya nyumba (swichi inayojikata umeme ukizidi) ni ya ampea 16 au 20, yenyewe itakuwa imeshaanguka zamani.

Kwa nyumba kama hiyo, mashine ya 160, ya 200 na ya 300 zote ni mashine ya 100. Unalipia namba ambayo hutaitumia kamwe.

Habari njema ni kwamba gari halihitaji hizo namba. Bageti ya milimita 2.0 inafanya kazi kati ya ampea 40 na 60, ya 2.5 kati ya 60 na 90, ya 3.2 kati ya 90 na 140. Kazi nyingi za gari, na za karakana yenyewe kama kutengeneza meza ya chuma, stendi ya kuwekea injini au fremu ya presi, zinaisha na bageti ya 2.5. Ya 3.2 utaitaka kwa chasi nene na vyuma vya trela.

Jambo moja linalosahaulika ni waya wa kuongezea. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, wenye urefu wa mita 30, unakula volti 14 ukipitisha ampea 20. Wa milimita za mraba 4 unakula 5 tu. Kwa hiyo kabla ya kulaumu mashine, angalia kamba unayoiburuta kutoka sebuleni mpaka chini ya mwembe. Na usiiache imezungushwa kwenye gurudumu lake wakati unachomelea, maana joto linakosa pa kwenda na plastiki inayeyuka.

Boksi linavyosema uongo, na jinsi ya kulisomea uongo wake

Volti za moto wa bageti zinafuata kanuni rahisi: 20, ongeza 0.04 mara ampea. Mashine inayodai 300 inapaswa kutoa volti 32 kwa ampea 300, yaani wati 9,600. Weka na upotevu wa ndani ya mashine, ukutani inahitaji zaidi ya wati 11,000, ambazo kwa volti 220 ni ampea 50 na zaidi. Sasa inama uangalie kamba ya umeme inayotoka nyuma yake. Ni nyembamba kama ya pasi. Kamba hiyo ingepitishiwa ampea 50 ingeyeyuka bageti ya kwanza haijafika nusu. Kumbe hata aliyeitengeneza anajua haitafika huko.

Kinachosema kweli ni kibandiko cha nyuma au cha chini, kama kipo. Kwenye mashine iliyotengenezwa kwa heshima utakuta jedwali dogo. Alama X ni asilimia ya muda wa kuchoma ndani ya dakika 10, kwenye hewa ya nyuzi 40. Chini yake ni I2, ampea zinazotoka kwenye bageti. I1max ni ampea zitakazovutwa ukutani mashine ikiwa imekazwa hadi mwisho, na U0 ni volti zilizopo kwenye bageti kabla haijagusa chuma. Mashine iliyoandikwa 160 kwa asilimia 30 maana yake uchome dakika 3, upumzike 7. Ukitaka ichome bila kupumzika, itakupa kama 88. Hizo 88 ndizo za kulinganisha kati ya duka na duka. Kibandiko kisicho na X wala I1 ni pambo tu.

Kuna na kebo. Mji huu umeishi kwa shaba tangu ulipoanzishwa mwaka 1910, na bado tunauziwa hapahapa kebo za aluminiamu zilizopakwa shaba juu. Kata ncha, kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, si shaba. Au ushike kwenye moto wa kiberiti cha gesi. Uzi mwembamba wa aluminiamu unalegea na kukatika, kwa sababu unayeyuka kwenye nyuzi 660, wakati shaba inangoja hadi 1,085. Kebo ya namna hiyo si mwisho wa dunia, lakini inapata moto haraka na miunganiko yake inalegea, kwa hiyo muuzaji apunguze bei ili ununue nyingine.

1. Inveta ya bageti, ampea 140 hadi 160 za kweli

Hii ndiyo ya kwanza, na pengo kati yake na ya pili ni kubwa kwa mtu anayeanza. Ni nyepesi, unaibeba begani hadi chini ya gari. Inatoa umeme wa mwelekeo mmoja, kwa hiyo moto umetulia na hata mkono usiozoea unaweza kuufuata. Volti zikishuka kidogo haijali, kwa sababu vifaa vyake vya ndani vinarekebisha vyenyewe mpaka kwenye kikomo chake. Inachoma bageti za kawaida za 6013, na zile za 7018 za kazi ngumu kama chasi na ndoano ya kuvutia trela.

Kwenye chapa kuna ngazi tatu. Juu kuna za Ulaya: Telwin ya Italia, GYS ya Ufaransa, ESAB ya Uswidi. Kibandiko chao kina jedwali kamili na ampea zao ni za kweli, lakini bei inauma, na ole wako ukinunua ya bandia yenye rangi zilezile. Katikati ni za Kichina zenye jina na mtandao wa wauzaji, kama Ingco na Total, ambazo utazikuta kwa wingi Afrika hii yetu. Chini ni boksi lisilo na jina, lenye namba kubwa na picha ya tai. Mimi ningechukua ya katikati ya ampea 160 kabla ya isiyo na jina ya 300, hata kama bei zinalingana.

Kama kipimo chako cha jioni kilikuwa chini ya 190 hata kabla ya kuwasha birika, tafuta inveta iliyoandikwa kwamba ina urekebishaji wa PFC. Aina hiyo inavuta ampea pungufu ukutani kwa kazi ileile, na nyingi zinakubali volti za chini sana. Ni ghali. Lakini kwa mtu anayeishi mwisho wa laini, nguzo ya kumi na ngapi sijui kutoka kwenye kabini ya transfoma ya mtaa, ndiyo inayotofautisha kuchomelea na kukaa ukiangalia taa ya njano.

Adui wa inveta hapa kwetu ni vumbi. Kuanzia Mei hadi Oktoba lile vumbi jekundu linaingia kila mahali, na feni ya mashine inalivuta lote ndani. Baya zaidi ni vumbi la grainda, kwa sababu ni chuma na linapitisha umeme: likitua juu ya kadi ya ndani, siku moja utasikia mlio mmoja tu na hadithi imeisha. Usisagie karibu na mashine, na kila baada ya muda ipulize kwa upepo wa kompresa, si wa nguvu sana. Ikifika Novemba mvua zimeanza, ukisikia radi, ichomoe ukutani. Kuzima swichi hakutoshi.

2. MIG ya inveta, inayokubali gesi na isiyo na gesi

Kama gari lako shida yake ni bodi, sogeza hii iwe ya kwanza. Bati la bodi ya gari lina unene wa milimita 0.7 hadi 0.9. Bageti ya 2.5 juu ya bati hilo, hasa likiwa limeliwa na kutu, inatoboa tundu la kupitisha kidole kabla hujasema lolote. Wapo mafundi wanaoweza kushona bati kwa bageti nyembamba, nukta baada ya nukta, na ukiwatazama unaona ni rahisi. Si rahisi.

MIG inasukuma waya mwembamba yenyewe, wewe kazi yako ni kuongoza mkono. Kwa bati, waya wa 0.6 au 0.8 wenye gesi ndio unaofaa. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: kwa kazi nyembamba MIG haiuchoshi umeme. Moto wake unataka volti 14, ongeza 0.05 mara ampea. Kwa ampea 60 za bati, hizo ni volti 17, wati elfu moja na kidogo tu. Ukutani inavuta kama birika letu la pale juu. Nyumba iliyoshindwa na bageti ya 3.2 inaweza kubeba MIG ya bati bila kelele.

Lakini hakikisha ni MIG ya inveta. Zile za zamani zenye transfoma ndani na swichi ya kugeuza ngazi nne au sita, volti za ukutani zikicheza, moto nao unacheza na waya unasukumwa kwa kusitasita. Mshono unatoka kama umefanywa na watu wawili waliogombana.

Swali la pili ni gesi, na uliulize kabla ya kununua mashine. Chupa utaipata wapi, ni ya kununua au ya kukodi, nani anaijaza, na uzi wa regleta yako (kipunguza presha) unaingia kwenye chupa yake? Kwa gari la nyumbani huhitaji mchanganyiko wa agoni na CO2. CO2 tupu inafanya kazi. Inarusha vitone zaidi na utasaga zaidi, lakini inaingia chumani vizuri na inadumu. Chupa ya lita 10 ya mchanganyiko iliyojazwa hadi bari 200 ina lita kama 2,000 za gesi. Chupa ya ukubwa huohuo yenye CO2, kwa kuwa ndani yake gesi imekuwa maji, inabeba kilo 7 na nusu, ambazo ni lita 4,000 hivi. Ukifungua lita 8 kwa dakika, inayofaa kwa waya wa 0.8, ya kwanza inakupa saa nne za moto, ya pili saa nane.

Waya usio na gesi, ule wenye unga ndani, unakuondolea habari ya chupa. Pia hausumbuliwi na upepo, na kwa anayefanya kazi uani bila ukuta, upepo wa Agosti unaipeperusha gesi yote. Ila waya huo una moto mkali kuliko wa gesi, unatoa moshi mwingi na gamba la kugonga. Kwa chuma cha milimita 1.2 na zaidi ni mzuri: sakafu ya pikapu, vizingiti vya milango, ekzosi nene. Kwa bati la mlango utajutia. Na kumbuka kugeuza nyaya ndani ya mashine: waya wenye unga unataka tochi (mkono unaotoa waya) iwe upande wa kutoa (−), waya wa gesi unataka tochi iwe upande wa kujumlisha (+). Mashine nyingi zinatolewa boksini zikiwa zimefungwa kwa namna moja tu, na mtu anaishi na mshono mbaya akidhani ni mkono wake.

Kwa nini basi si ya kwanza kwa kila mtu? Bei yake mara nyingi ni mara mbili au tatu ya inveta ya bageti. Ina vitu vya kuisha: ncha za shaba, bomba la ndani la waya, roli za kusukuma. Waya ukipata kutu wakati wa mvua unanasa njiani, kwa hiyo koili inatolewa na kufungwa kwenye mfuko kila ukimaliza. Ukiweza, chukua ile ya tatu kwa moja inayokubali pia bageti. Upande wa bageti wa mashine hizo huwa dhaifu kidogo kuliko inveta halisi, lakini kwa 2.5 unatosha.

3. Seti ya gesi: oksijeni na asetilini

Hii sikuipanga ya tatu kwa kuunga vyuma. Nimeipanga kwa sababu ya bolti. Gari lililokaa miaka kumi kwenye mvua halifunguki kwa spana. Linafunguka kwa moto. Moto wa oksijeni na asetilini unafika nyuzi 3,100 hivi, unaipasha nati mpaka iwe nyekundu, inapanuka, inalegea. Unakunja chuma, unaunga kwa shaba nyeupe, unakata. Na siku umeme umelala, yenyewe inafanya kazi.

Iwe mashine ya pili, baada ya moja kati ya zile mbili za juu. Na kama una watoto wanaocheza uani na mbabula (jiko) ya makaa iko hatua tano, iache kabisa. Garaji nyingi bado zinatengeneza asetilini kwa kabaidi na maji kwenye pipa. Kilo moja ya kabaidi inatoa karibu lita 300. Mapipa hayo yaliyochomelewa mtaani, yasiyo na vali ya kuzuia moto kurudi nyuma, mimi siyapendekezi kwa mtu wa nyumbani kwa bei yoyote.

Kwa kuwa tuko hapa ambapo bomba la shaba linapatikana kirahisi, niseme wazi: asetilini isipitishwe kamwe kwenye bomba la shaba tupu. Inajenga na shaba kitu kinacholipuka kwa kuguswa. Uzi wa oksijeni usipakwe mafuta wala grisi. Na usiamini rangi ya chupa: kwa desturi ya Ulaya oksijeni ni nyeupe begani, lakini chupa za kutoka Afrika Kusini oksijeni yake ni nyeusi. Soma maandishi.

4. Transfoma ya fundi wa mtaani

Nzito, ndani ya sanduku la chuma au la mbao, bolti kadhaa mbele za kuchagua nguvu. Ina sifa zake: ikiungua, jirani anaizungushia waya upya, vumbi haiogopi. Kama unakaa karibu na kabini na volti zako hazicheki, unaweza kufanya nayo kazi ya mageti kwa miaka.

Kwa gari inashindwa. Volti za ukutani zikipungua, za bageti nazo zinapungua kwa kiasi kilekile, na bageti inagoma kuwaka au inanasa. 7018 haiipendi. Inavuta umeme kwa fujo mpaka taa za lupango ya pili zinapepesa, na hapo utajua majirani zako kwa majina. Halafu kuna usalama: volti za bageti tupu kwa mashine ya umeme wa kubadilika hazipaswi kuzidi 80, na hiyo ni kwa mahali pakavu. Nyingine za mtaani zinazidi. Ukiipenda, ipime kwa multimita kabla ya kulipa, na uangalie kama sanduku lenyewe halina umeme.

5. Posti kubwa za zamani, na zile za injini

Mara kwa mara inajitokeza posti ya Ulaya iliyostaafu kwenye karakana ya mgodi, yenye magurudumu, inauzwa karibu na bei ya chuma chakavu. Inavutia macho. Nyingi zinataka volti 380 za nyaya tatu, na nyumba yako ina 220 ya waya mmoja. Iache.

Ya injini, inayochoma kwa petroli au dizeli yake, ni ya mtu anayezunguka na kazi. Mtu wa nyumbani akitaka kujitegemea, heri inveta na gurupu (jenereta). Kwa kuchoma ampea 90 tafuta gurupu lililoandikwa 5 kVA au zaidi, na usisahau kwamba Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya bahari. Injini isiyo na tabo inapoteza karibu asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100, kwa hiyo lile la 5 hapa kwetu ni 4.4.

6. TIG ya aluminiamu

Hii inaunga kwa moto wa sindano ya tangsteni. Nzuri sana, ghali sana, na inataka agoni safi. Kichwa cha injini kikipasuka, mpelekee mwenye nayo umlipe. TIG ya kukwaruza (inayowashwa kwa kukwaruza sindano kwenye chuma) inayokuja kama nyongeza kwenye inveta ya bageti haichomi aluminiamu, muuzaji aseme asemavyo.

Pesa za pembeni

Tenga pesa ya mask kabla ya mashine, si baada. Kioo cha kujigeuza, kinachojitia giza chenyewe moto ukiwaka, chenye namba 9 hadi 13 ni bora. Kwa kazi zetu utakuwa kwenye 10 au 11. Miwani ya gesi, yenye namba 5, si ya umeme. Anayechomelea nayo hasikii kitu mchana. Usiku ndipo macho yanajaa mchanga. Glavu ziwe za ngozi.

Laini ya karakana ivutwe peke yake kutoka kwenye kibao cha umeme, waya wa milimita za mraba 4 au 6, na dijonkteri ya 25 au 32. Kebo ya masi (ile yenye kibanio kinachoshika chuma) iwe ndefu ya kutosha kufika karibu na mahali unapochoma, maana ukiikamata kwenye bampa na kuchomelea upande wa pili, umeme utatafuta njia kupitia beringi. Na betri ya gari ifunguliwe kwanza.

Bageti nunua pakiti iliyofungwa, si za kuhesabiwa mkononi zilizolala nje msimu mzima. Shika moja, ikunje kidogo: unga ukibanduka kama rangi ya ukuta wa zamani, rudisha. 7018 iliyoshika unyevu inataka tanuri la nyuzi 300 na zaidi. Kuianika juani hakusaidii.

Dukani

Nenda na bageti zako tatu za 2.5 na kipande cha chuma cha milimita 4 au 5. Omba mashine iwashwe, ikazwe kwenye 80, na uchome zote tatu mfululizo au fundi wako azichome. Sikiliza feni. Shika kebo na plagi zake: zikiwa za moto kuliko mkono unavyovumilia, ama kebo ni mbovu ama miunganiko. Kisha ikaze hadi mwisho na uone kama moto unabadilika kweli, maana kuna mashine ambazo kitufe kinapanda hadi 300 lakini moto umebaki palepale tangu 110. Muuzaji akikataa mashine isiguswe, mtaa huohuo kuna mwingine.

Wanaovuka Kasumbalesa kununua upande wa Zambia wajue mashine inaweza kuja na plagi ya Kiingereza ya miguu bapa, yenye fyuzi ya ampea 13. Usitafute adapta. Kata, weka plagi ya bluu ya viwandani ya 32 na soketi yake. Piga hesabu ya ushuru wa forodha pamoja na nauli kabla ya kufurahia bei ya ng'ambo, na ujiulize garanti utaifuata vipi: mashine ikizima, utavuka tena mpaka nayo mgongoni? Ukinunua hapa, risiti iwe na namba ya mashine, si neno "posti" peke yake. Na kabla ya kuondoka, pita kwa fundi wa elektroniki unayemwamini, umuulize ni kadi za mashine zipi anazifungua na kupata vipuri vyake mjini. Jibu lake likipingana na la muuzaji, fuata la fundi.